Shajara ya mradi: nibadilishe prosesa au niiache? Simuleta ya ndege X-Plane 12 kwenye ubao wa B450, Lubumbashi

7 Juni 2025: Mashine ilivyo leo

Nafungua shajara hii kwa ajili ya kundi letu la Jumamosi jioni. Wengi wetu, hapa Lubumbashi na wenzetu wa Likasi na Kolwezi, tunarushia ndege kwenye kompyuta za mtumba zinazofanana: ubao mama wa B450, prosesa ya Ryzen ya miaka ya nyuma, na kadi ya picha iliyoongezwa baadaye. Swali ni lile lile kila tukikutana: pesa ikipatikana, iende kwenye prosesa au la? Nitaandika kila hatua ikiisha, pamoja na bei zake, ili mwenye mashine kama yangu aanzie nilipofikia.

Yangu ina Ryzen 5 2600 ya mwaka 2018 (viini 6, nyuzi 12, mwisho wa mwendo gigahezi 3.9), kadi ya picha RX 6600 ya GB 8, RAM ya DDR4 fimbo moja ya GB 16, SSD, na skrini ya 1920×1080. Umeme unapitia inveta yenye betri, kisha UPS ndogo, kwa sababu mtaani kwetu unakatika bila taarifa.

Kinachonisumbua ni Kinshasa. Kutoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, naondoka vizuri, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 inakwenda laini, halafu nikikaribia N'djili, uwanja wa Kinshasa, picha zinaanza kukwama. Na X-Plane ina tabia ambayo wengi hawaijui: fremu (picha zinazochorwa) zikishuka chini ya 20 hivi kwa sekunde, programu inapunguza mwendo wa muda wenyewe ili hesabu za urukaji zisiharibike. Ukiwa peke yako unaweza usitambue. Ukiwa VATSIM, mtandao ambako tunaruka pamoja na waongoza ndege halisi wa kujitolea, ndege yako inatambaa kuliko mwendo unaousoma kwenye saa zako, aliye nyuma yako anakukaribia, na mwongoza ndege anabaki kujiuliza unafanya nini. Hilo ndilo ninalotaka limalizike. Uzuri wa mawingu unaweza kungoja.

14 Juni 2025: Kupima, kabla ya kuzungumzia pesa

Jaribio la kwanza halikufaa kitu. Nilipima kwa hali ya hewa ya moja kwa moja, na kila nikirudia napata namba nyingine, kwa sababu mawingu ya saa nane si mawingu ya saa tisa. Kwa hiyo nikaunda safari moja ya kupimia na kuihifadhi: Boeing 737-800 inayokuja na X-Plane, saa sita mchana, mawingu machache niliyoyapanga kwa mkono. Kipande cha kwanza ndege imesimama uwanjani N'djili. Cha pili inaingia kutua kwenye njia ya kurukia ya 06, majengo ya jiji yakipita chini. Kila mara nasubiri mandhari imalize kupakia, sigusi kamera, naandika wastani nikiwa nimesimama na namba ya chini kabisa wakati wa kuingia.

Namba zenyewe X-Plane inakupa. Kwenye mipangilio, ukurasa wa data, mstari wa namba 0, weka alama ya kuonyesha kwenye skrini. Utaona fremu kwa sekunde, na pembeni muda ambao CPU (prosesa) inatumia kwa kila fremu na muda ambao GPU (kadi ya picha) inatumia. Mwenye muda mrefu ndiye anayemchelewesha mwenzake.

Nikiwa nimesimama: fremu 24, CPU sekunde 0.041, GPU 0.016. Wakati wa kuingia: 17 kwa chini. Pale Luano, ndege ile ile: 33.

Kwa hiyo kadi ya picha inamaliza kazi yake na kukaa ikisubiri. Ili nisitegemee ushahidi mmoja nilishusha skrini hadi 1280×720. Kama kadi ya picha ndiyo ingekuwa imebanwa, fremu zingepanda sana. Zilibaki 24. Nikashusha ubora wa mawingu, nikapunguza kulainisha kingo: 24. Hapo wazo la kadi mpya ya picha likafa, na wenzangu wawili waliokuwa wameshaanza kuulizia bei ya kadi wamesimamisha mpango wao.

Jambo moja linapoteza watu wengi. Ukifungua kidhibiti kazi cha Windows utaona prosesa inatumika asilimia 22 tu, na utasema ina nafasi tele. Namba hiyo ni wastani wa nyuzi zote 12. Kazi kubwa ya X-Plane kwa kila fremu inapita kwenye uzi mmoja mkuu, na uzi mmoja uliojaa kabisa kati ya 12 ni asilimia 8 hivi. Nyuzi nyingine zinasaidia kupakia mandhari, lakini haziwezi kumbebea mkuu mzigo wake. Ndiyo maana prosesa yenye viini vingi zaidi, bila kiini chenye nguvu zaidi, haitakusaidia.

21 Juni 2025: Vya bure

Nilihamisha programu jalizi zote nje ya folda yake, kisha nikazirudisha moja moja. Zile za kawaida hazina uzito. Hati moja ya Lua iliyokuwa ikisoma hali ya ndege kwenye kila fremu ilikuwa inakula karibu fremu 2; imefutwa. Kushusha idadi ya majengo na miti ngazi moja kuliongeza fremu 3, lakini Kinshasa ikawa kijiji. Nimeirudisha juu. Mtu anayetua N'djili anastahili kuliona jiji.

5 Julai 2025: RAM

Nilipofungua kisanduku niliona jambo ambalo muuzaji wa mashine hakulisema: fimbo moja ya RAM, kwenye tundu lisilopendekezwa. Na kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao, mwendo wake ni 2133, wakati kibandiko kinasema 3200. Ubao hauendi kwenye mwendo wa kibandiko mpaka uwashe XMP, mpangilio wa mwendo uliohifadhiwa kwenye RAM yenyewe. Ukiongeza fimbo ya pili, prosesa inasoma kwa njia mbili badala ya moja, na kwa Ryzen za zamani tofauti hiyo inaonekana.

Nilinunua fimbo ya pili ya GB 16 mjini, dola 40, kampuni tofauti na ile ya kwanza kwa sababu sikupata inayofanana. Tundu sahihi ni la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nikawasha XMP, 3200: skrini nyeusi. Ubao ulijaribu kuwaka, ukazima, ukarudia, mwisho ukajirudisha wenyewe kwenye 2133. Nikajaribu kuongeza umeme wa RAM kidogo. Kimya kile kile. Prosesa za kizazi hiki zimeahidiwa 2933 tu, na fimbo mbili za makampuni tofauti zinazidisha ugumu. Niliacha XMP, nikaandika 2933 kwa mkono. Ikawaka, na kipimo cha RAM kilichokesha usiku kucha hakikuonyesha kosa.

Matokeo: 28 nikiwa nimesimama, 21 wakati wa kuingia. Kwa dola 40 tumevuka mstari ambapo muda unapunguzwa. Kama una fimbo moja, simamisha mawazo ya prosesa kwanza, maliza hili.

19 Julai 2025: SSD yangu kwenye mashine ya Bel-Air

Lakini 21 ni ukingoni. Trafiki kidogo ya VATSIM, mvua kidogo, na tumerudi tulikotoka.

Kaka mmoja wa kundi anayekaa Bel-Air ana Ryzen 5 5600 na RX 6600 kama yangu, RAM fimbo mbili za 3200. Badala ya kubishana nilichomoa SSD yangu, nikaenda nayo kwake, tukaiwashia huko. Safari ile ile, mipangilio ile ile, hata vumbi la kebo lile lile. Windows ilichukua muda kuzoea ubao mgeni kisha ikatulia. Anayetaka kuiga aandike kwanza ufunguo wa kufungulia diski kama imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, maana kwenye ubao mwingine utaulizwa.

Tulipata 38 na 29. Mke wake alitupikia bukari na samaki, tukarudia kipimo tukiwa tumeshiba, namba hazikubadilika. Sasa najua kwa hakika kwamba prosesa ndiyo iliyobana na kwamba ubao wa B450 hauna kosa.

2 Agosti 2025: Uamuzi

Njia zilizobaki ni nne. Kuacha ilivyo hakuna gharama. Ryzen 5 5600 hapa mjini wanataka dola 130. Ryzen 7 5700X3D, iliyotumika, bila boksi, kutoka kwa mtu wa Dubai: alianza na 260. Kuhamia jukwaa jipya la AM5, yaani tundu jipya la prosesa, na Ryzen 7 7800X3D kunataka ubao mpya na RAM ya DDR5. Nimejumlisha kwa bei za hapa, ikafika kama dola 730. Hiyo ya mwisho nimeiweka kando bila majuto. Pesa hiyo inalipa karo.

Ugumu ulikuwa kati ya zile mbili za katikati. Muuzaji mwenyewe, kwa nia njema, alinishauri dhidi ya bidhaa yake: "Papa, hii mwisho wake ni 4.1, ile 5600 inafika 4.4. Chukua ile, unabakiza pesa." Kwa michezo mingi na kazi za ofisi ningemsikiliza. Kwa simuleta ya ndege, gigahezi si habari yote. Kwenye kila fremu programu inatafuta vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika: mifumo ya ndege, majengo, barabara, ndege za wengine. Kikiwepo kwenye kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, kinapatikana papo hapo. Kisipokuwepo uzi mkuu unasimama kukingoja kutoka kwenye RAM, kama fundi cherehani anayekatisha mshono kwenda kununua uzi dukani. Kashe ya ngazi ya tatu kwenye 2600 yangu ni MB 16. Ya 5600 ni 32. Ya 5700X3D ni 96, kwa sababu AMD imebandika tabaka la ziada la kashe juu ya chipu. Ni mbinu ile ile ya 5800X3D ya mwaka 2022. Hii ya 5700X3D ilitoka Januari 2024 ikiwa na mwendo wa chini kidogo na bei ya chini zaidi.

Lililonisukuma hasa ni kuingia, si kusimama. Namba ya 29 pale Bel-Air ilikuwa uwanja mtupu, bila trafiki. Nataka akiba ya Jumamosi, wakati sote tuko hewani. Na ubao huu hauna pa kwenda zaidi ya familia hii ya prosesa, kwa hiyo nanunua mara moja. Tumekubaliana 230, nimetoa 100 mbele, zilizobaki nikishaiona inawaka.

Mwenye kuruka Cessna kati ya Luano, Kolwezi na Kalemie hahitaji kunifuata hapa. Kwenye viwanja hivyo 2600 yenye RAM mbili inatosha.

23 Agosti 2025: BIOS, usiku, kwa betri

BIOS mpya inawekwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Ukibadilisha prosesa kwanza, ubao wenye BIOS ya zamani hautawaka hata kukuonyesha kosa. Toleo linalohitajika tazama kwenye orodha ya prosesa ya mtengenezaji wa ubao wako. Mbao nyingine zinataka upitie toleo la katikati kwanza, na yangu ni mojawapo.

Hatari ni umeme. Ukikatika BIOS ikiwa nusu, ubao umekufa mpaka apatikane mtu wa kuandika chipu upya. Nilingoja betri za inveta zijae, nikazima friji na taa zote, nikatoa inveta kwenye umeme wa mtaa kabisa ili kusiwe na kuruka kutoka huku kwenda kule, kisha nikaanza.

Flashi yenye faili la BIOS haikuonekana. Ilikuwa imeumbizwa NTFS. BIOS inataka FAT32. Baada ya hapo matoleo yote mawili yaliingia bila shida, dakika chache kila moja.

Asubuhi nilipima na kukuta fremu 25 badala ya 28. BIOS mpya ilirudisha mipangilio yote ya kiwandani, na RAM ilikuwa 2133 tena. Nikaandika 2933, namba ikarudi. Hapa ndipo safari ya kupimia inalipa: bila namba za Julai ningeamini BIOS mpya ni nzito.

13 Septemba 2025: Prosesa imefika, pini zimelala

Chipu ilikuja kwenye kitambaa ndani ya kopo la peremende. Nilipoigeuza kwenye mwanga wa dirisha safu zilionekana nyoofu. Prosesa za AM4, tundu la ubao wangu, zina pini 1,331 chini yake, nyembamba kuliko nywele za brashi, na jicho linachoka haraka. Kuilaza kwenye tundu ikakataa kuzama. Kona moja ilibaki juu kidogo. Hapo unaacha. Ukilazimisha, unavunja.

Niliipeleka Kamalondo kwa kijana anayetengeneza simu, mwenye darubini ya kuunganishia chipu. Akaiweka chini ya lenzi, akaizungusha polepole, kisha akanisogezea kiti nitazame mwenyewe. "Papa, tatu zimelala. Usiziguse na kidole." Zilikuwa karibu na pembe, zimeegemea jirani zake kama mihindi baada ya upepo, na rangi ya dhahabu kwenye shingo ya moja ilikuwa imekwaruzika. Alipitisha wembe mwembamba katikati ya safu, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, akiinua kila pini kidogo na kuiacha, kidogo na kuiacha. Ile iliyokwaruzika aliifanya ya mwisho: alichukua kalamu ya risasi ya kubonyeza, isiyo na risasi, akavisha tundu lake juu ya pini na kuisimamisha kwa mkono uliotulia kabisa. Ningempa zaidi ya dola 10 alizotaka. Kazi ya namna ile ni mikono ya watu wachache.

Muuzaji hakubishana, kumi hiyo tumeitoa kwenye salio lake.

20 Septemba 2025: Kufunga

Kabla ya kung'oa feni ya zamani, endesha mashine dakika kumi ili pasta ya joto ilainike, zima, kisha zungusha feni kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inachomoka na feni ikiwa bado imefungwa kwenye tundu, na utarudi Kamalondo.

Feni iliyokuja na 2600 ni fupi, na 5700X3D ni ya wati 105 kwenye karatasi, haiji na feni yake. Nilinunua mnara wa kupozea wenye mabomba manne ya shaba, dola 38. Haukukaa. Unanasa kwenye vishikizo viwili vya plastiki pembeni ya tundu, na feni ile fupi inafungwa kwa skrubu bila vishikizo hivyo, kwa hiyo mwenye mashine wa kwanza alivitupa. Nimevipata kwa muuza vipuri vya kompyuta zilizokufa, dola 3. Shikilia bamba la nyuma ya ubao unapofungua skrubu; likianguka ndani ya kisanduku utatoa ubao wote nje.

Ilipowaka mara ya kwanza, ujumbe: prosesa mpya imeonekana, je, fTPM (sehemu ya prosesa inayotunza funguo za usalama) ifutwe? Ukijibu ndiyo na diski yako imefungwa kwa BitLocker, bila ufunguo hutaingia. Ufunguo nilikuwa nao kwenye karatasi tangu Julai. Nikajibu ndiyo, nikauandika, Windows ikafunguka. RAM niliipeleka 3200 kwa XMP bila kutarajia mengi, na fimbo zile zile zilizokataa Julai zikakubali.

N'djili, safari ya kupimia: 47 nikiwa nimesimama, 37 wakati wa kuingia. CPU sekunde 0.021, GPU 0.017. Nilirudia, kisha nikampigia kaka wa Bel-Air, na kelele aliyopiga ilisikika mpaka sebuleni.

Muuzaji amelipwa salio lake.

11 Oktoba 2025: Joto la Oktoba

Niliacha wiki hizi zipite kwa makusudi, maana kipimo cha Septemba asubuhi hakikuambii kitu kuhusu Oktoba saa tisa mchana. Chumba leo kiko nyuzi joto 32. Prosesa baada ya safari nzima ya Kinshasa: 76. Mwisho wake ni 90, kwa hiyo niko salama, ila wiki iliyopita ilifika 83 na sababu ilikuwa vumbi jekundu lililojaza mapezi ya mnara. Nimeweka kitambaa cha soksi nyembamba mbele ya kisanduku, kinafuliwa kila Jumapili.

Kwa kuwa kadi ya picha sasa ilikuwa na nafasi, nimepandisha ubora wa mawingu ngazi moja: GPU imefika 0.022, yaani kwa mara ya kwanza ndiyo inayotangulia kubanwa, na fremu ziko 45. Hapo nimeacha.

Gharama: RAM 40, prosesa pamoja na fundi 230, mnara 38, vishikizo 3. Jumla dola 311. Ryzen 5 2600 na feni yake vimekwenda kwa mwanafunzi wa Likasi aliyekuwa na Ryzen 3 1200, dola 50, na nimempa faili la safari ya kupimia. Anaanza na fimbo moja ya RAM. Nimemwambia aandike namba zake kabla hajaongeza ya pili.

Jumamosi hii tuliingia N'djili njia ya 06 tukiwa tumefuatana, mvua ikinyesha. Namba ya chini kwangu: 33.